Ukurasa wa Nge

Tataouine, Jumapili

Mdogo wangu Mondher,

Mama hajambo, na mizeituni imezaa vizuri. Dalenda wa jirani kaolewa hatimaye.

Ulinicheka kwamba ensaiklopidia ya mtandaoni haina mshahara. Kweli haina. Lakini tangu wanipunguze maktabani, jambo ambalo Mama halijui, kazi yangu ni kuwaelekeza wasomaji wanaopotea humo.

Jumanne mama mmoja wa mji wa Douz aliniandikia: "Dada, binti yangu kaumwa na nge! Kila nikifungua naona majina ya nge tu!"

Nikamjibu: "Rudi juu, bonyeza 'Huduma ya Kwanza', soma mstari wa kwanza."

Mstari ulisema jeraha lisichanjwe, mgonjwa akimbizwe hospitali. Mama mkwe wake alikuwa ameshashika wembe. Mama wa binti akamnyang'anya, wakaondoka mbio.

Leo nimeletewa picha ya karatasi. Binti huyo, Selima, mwenye miaka sita, ameandika kwa herufi zilizopinda: "Shangazi wa kompyuta, nimepona."

Nimeichapisha na kuibandika sebuleni, mahali ambapo kila mgeni lazima aione.

Dada yako anayetembea kifua mbele,
Zohra