Bidoni za Mugunga

Mjukuu wangu Kavira,

Huku Goma tuko muzima, bibi yako anakusalimia sana. Umeuliza hesabu za magonjwa unazosomea zitasaidia nani. Sikia mimi, profesa wa shule ya primeri!

Kolera ilipoingia kambini Mugunga, daktari alinituma nihesabu watu bombani, apate kukadiria tangi jipya liwekwe wapi. Badala ya watu, nikahesabu bidoni za maji zilizoshika foleni, haraka.

"Papa daktari, mimi mashine ya kuhesabu!" nikajisifu nikimpelekea namba.

Niliporudi bombani, mama mmoja akanicheka. "We kijana, hizi tano zote zangu. Wasio na bidoni wanakunywa ziwani."

Nikakimbia kukiri. Daktari akahesabu upya, tangi likapelekwa upande wa ziwa, na wagonjwa wa huko wakapungua.

Basi fundi wa namba, ukiona bidoni, uliza mwenye nayo ni nani.

Babu yako, mashine iliyoharibika ikarekebishwa