Ndoo ya Siku Yangu ya Kuzaliwa

Rampha upo? Shika simu shoga, mwenzio yamenikuta.

Si unajua leo natimiza sitini? Mume wangu Thawat kanipeleka bwawa la hekaluni tuachilie samaki, tupate thawabu. Nafunua ndoo, ni wale kambare wa kigeni wa kusafisha matangi ya samaki wa mapambo. WALE WALE! Wanaomaliza mayai ya samaki wetu, ninaowavua kuwaondoa bwawa hilo hilo miaka yote!

Nikamwambia, "Baba, hawa?"

Anacheka! "Profesa wangu, hawa hawafi ovyo. Huwa nawaachilia kwa ajili yako kila mwaka, ili na wewe uishi sana. Leo mwage mwenyewe."

KILA MWAKA, Rampha.

Namuuliza, mbona hukuniambia? Ananijibu, "Ungenikataza. Ndiyo maana nilikuwa nakuja ukiwa darasani."

Kwa hiyo alijua! Mume wangu! Kila siku mezani tunamtukana huyo mtu anayeniharibia bwawa, tena yeye anatukana kwa sauti kunishinda!

Sijamwaga. Nimekaa kwenye gari nimeipakata ndoo. Na ndoo yenyewe ni ile ile anayonishikia nikiwavua.