Ushuhuda Ambao Shangazi Hakuutoa

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo umepunguza makali. Mimi sijambo, nilifika salama, ila begi nililipakata safari nzima kama mtoto mchanga.

Nashukuru kwa wiki ile. Tangu duka nililokuwa nauza lifungwe nikakosa kazi, sikuwa nimelala usingizi wa kushiba namna ile. Uliniuliza tena na tena natafuta kazi gani, nami nikapiga kelele sikioni mwako bure mpaka wateja wako wakacheka. Sasa nakuandikia kwa utulivu.

Kazi ni hivi: makampuni yanataka video fupi za bidhaa zao zilizopigwa na watu wa kawaida, siyo mastaa. Napiga kwa simu, nahariri, nawauzia. Siyo lazima niwe na wafuasi wengi, na afadhali, maana wangu ni mia nne na nusu yao nilisoma nao. Chumba kimegeuka studio. Blanketi nimelitundika mlangoni kuzuia mwangwi, na boksi la friji la jirani nimelibandika karatasi nyeupe lirudishe mwanga wa dirishani. Nimetengeneza video sita za mfano na kuandikia makampuni arobaini na moja. Mawili yamejibu. Moja linataka nifanye bure, eti nijitangaze. La pili litanilipa katoni mbili za sabuni ya vyombo. Shangazi, mimi nina sahani mbili.

Niombee.

Mwanao,
Chiriku


19 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ndio hivyo, tunavumiliana. Nina sare za shule sitini na mbili za kushona, na cherehani moja imegoma.

Barua yako nilimsomea mwalimu wa chekechea, yule jirani yangu mpole mwenye kovu la maji ya moto shavuni, alipokuja kujaribu gauni. Alicheka sahani mbili mpaka nikamchoma pini. Kazi yako sasa nimeielewa. Ni kama mimi ninavyotundika gauni mlangoni, mpita njia auone mshono. Basi waonyeshe mshono wako, lakini bure usifanye. Mke wa mwenye nyumba nilimshonea bure mara moja, ikawa miaka mitatu.

Jambo moja. Ile picha niliyopigwa hospitali, mkono ukiwa bado mbichi, mwaka ule nilipokutoa kwenye moto wa jikoni, siioni kwenye albamu. Najua uliishika, maana ulilia ukiitazama. Kama umeichukua iwe kumbukumbu, hewala, ila niambie niache kupekua masanduku. Na zile video ulizonipiga nikishona, nisafishie picha moja niitundike ukutani.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi wangu,

Shikamoo. Habari za cherehani, na wewe mwenyewe? Kimya changu kisikutie shaka.

Nimepata! Kampuni ya vipodozi, tena imelipa pesa taslimu, siyo sabuni. Mwenye nyumba, aliyekuwa ananipita koridoni kama ukuta, sasa ananiita dada. Video yangu ya kwanza wameipenda sana, wanasema ina ukweli ndani yake, na wameagiza nyingine nne. Nakutumia taa ya kuweka kwenye cherehani, ile yenye shingo ya kupinda.

Picha ninayo, iko salama, nitairudisha. Mengine tutaongea nikija. Nina haraka, jua linahama dirishani na bado sijapiga hata moja.

Mwanao,
Chiriku


11 Mei

Chiriku,

Natumaini hujambo. Mimi nipo.

Jumanne mwalimu wa chekechea alikuja amejifunika mtandio mpaka machoni. Nilidhani amefiwa. Alipoufunua, shavu lilikuwa jekundu, limevimba, ngozi inabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Akachukua chaki yangu, akaandika juu ya meza ya kukatia: "Fundi, mbona hukuniambia kwamba inaunguza?"

Nikamuuliza, "Nini inaunguza?"

Kisha akatoa simu.

Nikajiona. Nimekaa kwenye cherehani yangu, na gauni langu la kijani. Ikaja ile picha ya hospitali. Ukaja mkono wangu wa sasa unapitisha kitambaa. Halafu kopo la krimu. Midomo yangu haikuonekana, lakini mwalimu alinionyesha kwa vidole kwamba kuna mtu anaongea. Nikamwomba aandike anachosema. Aliandika polepole: "Nilikuwa nimekata tamaa na kovu langu. Wiki sita tu za krimu hii, na leo nashona bila aibu."

Lini mimi niliona aibu? Mkono huu umechukua miaka kumi na minne kufika ulipofika, kwa madaktari na kwa Mungu. Sijaufunika hata siku moja, maana nikiutazama naona wewe ulivyo mzima. Watu wa mtaa huu wanajua sidanganyi hata kwa sentimita moja ya kitambaa. Ndiyo maana wamenunua. Mwalimu alinunua makopo mawili.

Ningeweza kukusamehe pesa. Ningeweza kukusamehe hata picha. Lakini unajua sisikii, ukachukua mkono wangu ukauwekea sauti ya mtu mwingine, kwa kuwa ulijua haitanifikia. Hapo ndipo ninapokwama.

Nijibu.

Shangazi


18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sina uso wa kuuliza hali yako, lakini nauliza.

Kampuni ilitaka mtu wa kawaida mwenye kovu la kweli, kabla na baada. Nilikuwa nimebakiza wiki moja nitolewe chumbani. Nikajiambia, mkono si umepona? Nani ataumia? Maneno waliandika wao, sauti ni ya binti wa ofisini kwao, mimi niliunganisha tu. Waliponiuliza kama umeridhia, nikasema ndiyo. Fomu ya ridhaa niliitia sahihi mimi, kwa jina lako.

Nimeshaandika "tu" hapo juu, na nimeona haya, lakini nimeiacha uone jinsi nilivyokuwa nikijidanganya.

Nimewaomba waiondoe. Wamejibu kwamba video ni mali yao kwa mwaka mzima, wakanitakia siku njema. Nimeweka pesa za daktari ndani ya bahasha hii, naomba umfikishie mwalimu.

Mwanao


26 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu uliponiandikia. Bahasha ya pesa ilirudi ikiwa na maneno mawili mgongoni, kwa mwandiko nisioujua: "Sizitaki. Mwalimu." Kwako hakuna hata nukta.

Wiki iliyopita nilikaa mbele ya kamera mimi mwenyewe. Sikupaka kitu, sikupanga mwanga. Nilisema mkono ule ni wa shangazi yangu, hajawahi kuigusa krimu ile, maneno si yake, na sahihi niliighushi mimi. Nilisema kuna mwanamke ameunguzwa uso kwa sababu yangu. Nilidhani wataitazama wale wale mia nne. Imesambaa kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Kampuni imeondoa video yao, na mwanasheria wao ameniandikia barua ndefu. Kampuni nyingine zilizokuwa zinanipa kazi zimeingia mitini. Sasa natoa kopi kwenye duka la vifaa vya ofisi, nasimama kutwa nzima.

Sikuandikii unihurumie. Naomba nije. Ukikataa, niandikie neno hilo moja, nitajua angalau umeishika kalamu.

Mwanao


15 Julai

Chiriku,

Marahaba. Mimi sijambo. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa naandika na kuchana.

Video yako nimeiona. Mwalimu ndiye aliyeileta, akaniandikia neno kwa neno, kurasa tatu. Alipofika kwenye sahihi aliinua kichwa, akaniuliza kwa macho kama aruke. Nikamwambia, "Andika." Ni maneno ya kweli, na ni vizuri umeyasema kwa kinywa chako. Lakini hayajaniponya, usijidanganye.

Shavu lake limebaki na weusi, na daktari hana hakika kama utatoka. Aliporudi darasani watoto wawili walimkimbia. Wateja bado wananiuliza habari za krimu. Kila mmoja naanza naye upya, na kila nikianza inabidi nimtaje binti wa kaka yangu. Wengine huniona kama tuligawana pesa.

Unaomba kuja. Njoo. Lakini ukishuka kwenye basi usianzie kwangu. Nenda kwa mwalimu, nyumba yenye mlango wa bluu nyuma ya shule. Nilimuuliza kama atakupokea, akanishikia kitambaa mpaka nikamaliza kupiga pindo zima, kisha akaitikia kwa kichwa. Kaa mbele yake. Mtazame usoni. Akikufukuza, ondoka bila kubisha. Akitaka kuuliza, jibu yote. Mimi sitakuwepo kukutetea, wala sitaki kuhadithiwa.

Ukitoka huko, pita kwangu. Chakula kitakuwepo, na kitanda chako nitakitandika. Ila usinikumbatie mpaka nikwambie mimi. Inaweza isiwe safari hii.

Shangazi yako