Njia ya Ubavuni

Ndola, 4 Machi 1951

Kwa dada yangu Aida,

Pokea salamu, wewe na shemeji na watoto. Mimi sijambo, kikohozi kimepungua. Baba anaendeleaje na nyonga yake?

Dada, nimekuficha jambo mwaka mzima. Mgodini sikuingia. Daktari alinisikiliza kifua, akatikisa kichwa, nikarudishwa getini siku ileile. Sasa nafanya kazi katika msitu ulio katikati ya mji. Tunakata njia humo, tunafagia majani, tunapanga mawe kwenye kona. Jioni Wazungu huja kutembea. Hawaendi kokote. Wanazunguka mlemle, wanarudi walikoanzia, wanapanda magari yao.

Nimepata mchumba, Enesi, Mnamwanga wa kijiji cha Mpemba. Kaka yake ni fundi cherehani hapa. Siwezi kumwoa bila neno la baba. Mwulize kwa upole.

Ndugu yako,
Efraimu

Itale, 22 Aprili 1951

Mdogo wangu Efraimu,

Sisi wazima, na ulezi mwaka huu umekubali. Pole kwa kifua.

Nilimsomea baba barua yako. Kwenye habari za msitu akanikatiza: "Hao wanaotembea bila kwenda, wanaumwa nini?" Nilicheka, yeye hakucheka. Nilipofika kwenye habari za Enesi akasema, "Aliondoka bila kuniaga. Na aoe bila kuniuliza." Akageukia ukuta.

Usimkasirikie. Tangu Krismasi hajafika kanisani kule juu, nyonga haimruhusu kupanda mlima ule. Vijana walitaka kumbeba kwa machela, akawafukuza kwa fimbo. Anashinda uani, hasemi na mtu.

Dada yako,
Aida

Ndola, 3 Juni 1951

Dada mpendwa,

Natumaini mnavuna salama. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Ile njia ya kanisani inapanda wima mno. Mkimaliza kuvuna, kateni nyingine. Ipitisheni ubavuni mwa mlima, ipande kidogokidogo, kisha igeuke irudi upande wa pili, hivyohivyo hadi juu. Mtu abebe debe la maji kichwani atangulie. Akianza kuhema, hapo ni pakali, pindisheni. Kila kona wekeni jiwe la kukalia. Upande wa juu chimbeni mfereji, mvua isiwaharibie.

Usimwambie ni mimi.

Ndugu yako,
Efraimu

Itale, 19 Novemba 1951

Mdogo wangu,

Salamu za wote hapa. Usidhani tulikusahau, mikono ilikuwa na malengelenge.

Tulichimba tangu Julai, mimi na shemeji yako na akina mama wa kwaya. Tulipofika shamba la Mbonile akatuzuia. "Mkipita hapa nitalima wapi?" Kazi ikalala mwezi mzima. Baba akasikia. Akajikongoja mwenyewe hadi kwa Mbonile, nasi tukimwangalia kwa mbali.

"Nipe ukingoni tu," akamwambia. "Upana wa miguu yangu unanitosha."

Mbonile aliingia ndani, akatoka na jembe, akachimba kile kipande chake peke yake.

Jumapili iliyopita baba alipanda. Alipumzika mara sita. Alipoingia tulikuwa kwenye wimbo wa pili. Sote tukageuka kumtazama, akabaki mchungaji anaimba peke yake.

Nisamehe, nilimwambia ni wewe. Yafuatayo ni maneno yake, mimi naandika tu.

Dada yako,
Aida

Efraimu,

Mimi mzima. Wewe na kifua chako?

Aida aliponiambia ni kazi yako sikusadiki. Siku ya pili nikairudia njia yote, kona moja baada ya nyingine, nikiipiga fimbo. Ni imara.

Ulipoondoka niliwaambia watu sina mtoto wa kiume. Nilisema vibaya. Aida anataka kuliruka neno hili, nimemwambia aliandike.

Mlete Enesi. Nijulishe siku ya lori. Nitashuka barabarani kuwapokea. Mtu asije kunichukua. Mkifika mapema mnisubiri, maana natembea polepole.

Baba yako,
Andongwisye