Taa ya Ziwa la Sebuleni

Matiri, Mbinga
Mwezi wa kumi

Dada yangu Eliza,

Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa sebuleni, chai iko pembeni, na wewe nakuomba utafute pa kukaa kabla hujaendelea kusoma, maana habari zangu ni nyingi na kwenye simu huwa unanikatiza. Huko Chiwanda ziwani mnaendeleaje? Kifua cha shemeji kimetulia? Mihogo imekubali mwaka huu? Sisi huku tu wazima wote. Kahawa tumeshamaliza kuvuna na kuuza, na baba Hilda anaangalia mawingu tu, akisubiri mvua apande mahindi kwenye ngolo zake, yale mashimo ya Kimatengo. Mama naye hajambo. Anakula, analala, anatania watu. Huyo nitarudi kwake.

Ujumbe wako aliniletea Cleopa wa mjomba, na hata sauti yako aliiga. Kwamba Mama alipandishwa huku kutibiwa mguu, hakuja kuhamia. Kwamba baridi la Umatengoni litammaliza. Kwamba unakuja kumchukua kabla mvua haijaharibu barabara. Dada, sikukasirika. Yaani nilikasirika kidogo, kisha nikacheka, maana hukujua mwenzio nimejipanga vipi. Nakwambia wazi: mimi nilikuwa nimeamua Mama haondoki. Nilimuuguza mimi, nikamkanda mguu mimi, na nilitaka abaki na mimi. Kitu pekee kilichonishinda ni kwamba kila asubuhi alikuwa anafungua dirisha, anatazama mibuni, halafu anasema huku kwenu maji yanakaa kwenye ndoo tu.

Hapo ndipo alipoingia mwanangu Hilda. Najua unasema Lidia ameanza tena kumsifia mtoto wake. Nisimsifie nani sasa? Hapa Matiri ukisema umeita fundi umeme, hakuna anayeuliza yupi. Wanaume wenye bisibisi mifukoni wanamngojea yeye awaambie waya upite wapi. Basi Hilda alimsikia bibi yake na maneno yake ya ndoo, akaenda zake Mbinga mjini kazini. Aliporudi alikuja na vioo vinene juu ya gari, akavigundisha sebuleni hapa hapa, likawa sanduku refu kama kitanda cha mtoto. Wale samaki wetu mbuna na yale mawe ya ufukweni uliyompa Cleopa bila kuuliza ni ya nini, ndiyo yaliyoingia humo. Asante dada. Sasa umejua.

Nikueleze na kituko changu, maana Mama ataanza nacho akikuona. Wiki ile jumuiya ilikuwa inasali kwangu, na unavyojua wanawake wa huku, hata chini ya kitanda wanachungulia. Nikayaangalia yale mawe ndani ya kioo, yana utelezi, yana ukijani kama jiwe la kuogea la mtu mvivu. Nikayatoa yote, nikayasugua kwa gunzi na majivu mpaka yakawaka, nikayasuuza, nikayarudisha. Yalipendeza sana. Gertruda, jirani yangu, alisifia, kisha akauliza mboga ile tutaipika lini. Mama akamjibu kwamba hawa ni wa kuangalia tu, kama vikombe vya kabatini kwa Gertruda ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Jumuiya nzima ilicheka, na Gertruda mwenyewe akacheka.

Lakini Hilda aliporudi jioni aliniita mbele ya kioo. Samaki walikuwa wanagonga midomo kwenye mawe matupu, wanahama jiwe hili kwenda lile. Ule ukijani, dada, ndicho chakula chao. Mimi niliyezaliwa hapo Chiwanda, niliyewaona mbuna wakikwangua mawe tangu sijaota meno, nimewasugulia chakula chote kwa gunzi. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Alisema nimekuwa Mmatengo kamili, hata ziwa nalisugua.

Hilda akasema ukijani utarudi, ila unataka taa yenye nguvu, kwa sababu sebule yetu ina giza na ukijani huota kwa mwanga. Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mimi nilifikiri taa ni taa. Kumbe watu wa samaki wa kioo wanagombana juu ya taa kuliko sisi tunavyogombana juu ya mipaka ya mashamba. Kuna zile ndefu za mirija, zinatawanya mwanga ukawa bapa, kila kitu kinaonekana lakini hakuna kinachocheza. Kuna hizi za kisasa za LED, hazili umeme sana, na baba Hilda alizipigia kampeni akiishika rimoti ya LUKU mkononi. Halafu kuna halaidi. Hiyo ni globu moja ndogo, lakini ikiwaka utadhani wameleta jua la uwanja wa mpira. Hilda anasema ndani yake kuna chumvichumvi za madini, zikichemka ndizo zinazotoa ule mwanga, na kwamba wanaofuga matumbawe ya baharini majumbani waliipenda kwa miaka mingi.

Baba Hilda akasema sisi hatufugi matumbawe, tunafuga deni la umeme. Hilda akamjibu taratibu kama mwalimu. Alisema kwanza, globu moja yenye nguvu inatoa mwanga kutoka mahali pamoja kama jua, kwa hiyo maji yakitikisika, mistari ya mwanga inatembea juu ya mawe, na mirija haiwezi hiyo. Pili, watu wengi wanaikimbia halaidi kwa sababu ya joto lake, lakini hao wanaoikimbia wanakaa kwenye joto. Sisi Matiri mwezi wa saba mtu anavaa koti kwenda chooni, na hawa ni samaki wa maji ya vuguvugu. Joto wanaloliita hasara, kwetu ni faida. Nilimwangalia mume wangu. Akatoka kwenda kuangalia nguruwe.

Ikabaki rangi. Muuzaji wa Dar alimshikilia Hilda kwenye simu kwamba achukue ya bluu, ndiyo wanayochukua wote. Hilda akamwambia wote hao wana bahari, yeye ana ziwa, na mwenye kulijua hilo ziwa yuko nyumbani. Akaazima globu za aina tatu kwa fundi mwenzake wa Songea, akamketisha Mama kwenye kiti, akawasha moja moja. Taa hizi zina maringo, dada. Inaanza hafifu, inajikusanya polepole, na umeme ukikatika ukarudi, haiwaki mpaka ipoe kwanza, kama bi harusi anayesubiri abembelezwe. Ya kwanza ilikuwa ya njano. Mama akasema hiyo ni jikoni kwa Gertruda. Ya pili ile ya bluu. Mama akajifunika khanga, akasema hapo amelazwa maiti, wazime. Ya tatu ni nyeupe yenye ubluu kidogo tu. Ilipokolea, Mama alivuta kiti chake mbele. Juu ya mawe ile mistari ilikuwa inatembea, inaachana, inakutana, kama pale penye maji ya magoti saa sita mchana. Hilda akazifunga zile mbili akaziweka kwenye boksi.

Akaining'iniza kwa mnyororo kutoka kwenye kenchi ya paa, juu kidogo ili isichemshe maji, akaweka kioo cha kukinga miale yake mikali. Haikuchukua muda mawe yakaanza kuvaa ukijani, na mbuna wakaanza kukwangua. Wale wa bluu wenye mistari wamegawana mawe kama watu wa ukoo. Watu wanatoka Kigonsera kuja kuona. Padri amekuja. Baba Hilda sasa akitoka shamba anakaa pale anapasha mikono joto, na ukimgusia habari za LUKU anakuambia mtoto wake ana akili.

Basi mimi nikajua nimeshinda. Nikawa naitunga barua hii kichwani: dada usije, Mama ana ziwa lake hapa, ametulia. Nilitaka kukuandikia hivyo Jumapili.

Jumapili hiyo tumetoka kanisani, Mama akaniita niketi naye. Akaniambia mguu wake umepona tangu tunavuna kahawa. Nikadhani ananifariji. Akainuka, akachukua beseni la vyombo lililokuwa mezani, akavuka nalo sebule mpaka jikoni, akarudi, akaketi. Hakushika ukuta. Akasema nikienda shambani huwa anashuka mpaka kisimani na Gertruda. Gertruda alijua, dada, na kanyamaza miezi yote hiyo, yeye ambaye hajawahi kutunza neno.

Nikamuuliza kwa nini alikuwa anachechemea mbele yangu. Akasema alipofika huku alikuta Wilfred, kitindamimba wangu, ameshaenda chuo, nyumba imebaki tupu, na mimi jioni nakaa gizani sijawasha hata moto, nikisalimiwa naitika kwa Kimatengo kama mgeni. Akaona akipona haraka ataondoka, na akiondoka ataniacha vile. Kwa hiyo akaendelea kuumwa. Yale maneno ya ndoo na maji, alisema, alikuwa anayasema kwa niaba yangu.

Kisha akasema siku hizi alasiri ananisikia mbele ya kioo nawagombeza mbuna kwa Kinyasa, nawaambia waache uroho, nawauliza habari za kwenu, nacheka peke yangu. Na taa huwa naiwasha mimi, hakuna anayenituma. Akasema ameridhika, sasa anaweza kwenda kulala nyumbani kwake.

Miezi yote hii nimetamba Matiri nzima kwamba namuuguza mama yangu.

Kwa hiyo njoo, dada. Njoo kabla ya mvua kama ulivyosema, umchukue, simzuii. Ila usije ukageuza siku hiyo hiyo. Lala hapa, ukae nami alasiri taa ikishakolea, tuongee Kinyasa sisi watatu, wengine wasielewe kitu.

Nisalimie shemeji, nisalimie mama Nazari na wote wa pale kanisani kwetu. Baba Hilda anakusalimu. Hilda anakupa shikamoo, na anasema ukitaka umeme wa uhakika nyumbani kwako, yeye atashuka mwenyewe. Mama anasema umwandalie kitanda karibu na mlango, na usimwambie mtu yeyote kwamba anatembea vizuri, maana wataanza kumtuma.

Ni mimi mdogo wako,
Lidia, mama yake Hilda fundi