Toba ya Yotham

Chamwino, 4 Machi 1993

Dada Anjelina,
Shikamoo. Mimi na wifi yako tu wazima, ila mvua imekatika na uwele unanyauka. Vipi wewe na shemeji?

Dada, nina neno linanikosesha raha. Yotham, mzee wa kanisa letu, alikuja kutubu kwangu. Anamchoma mgongoni kwa kisu cha moto Priska, mtoto aliyeachiwa na marehemu mkewe. Ana miaka minane tu! Yotham alilia, tukapiga magoti, nikamwahidi siri hiyo nitazikwa nayo. Sasa kila Jumapili ananiambia ameacha. Wewe karani wa mahakama, nieleze: mwinjilisti anaruhusiwa kusema?

Mdogo wako,
Nikodemo


Dodoma, 11 Machi 1993

Mdogo wangu,
Marahaba. Hatujambo, ukiacha kikohozi cha shemeji yako.

Barua yako imenitia hofu. Nilimuuliza hakimu wetu bila kutaja majina. Akasema siri za kanisani anaziheshimu, ila si pale mtoto anapoumizwa. Nami nakuuliza: kila Jumapili unamsikiliza Yotham, Priska je? Umemtazama mgongo? Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda polisi leo, usingoje ibada.

Dada yako,
Anjelina


Chamwino, 2 Aprili 1993

Dada,
Shikamoo. Sisi wazima, lakini moyo wangu si mzima.

Barua yako niliipata tarehe kumi na nne. Niliogopa, Dada. Yotham ndiye aliyenipigania nikapewa kazi hii. Nikasema nimpe Jumapili moja, kisha nyingine. Juzi shuleni kulikuwa na joto kali na Priska alikataa kuvua sweta lake la mtumba. Mwalimu Emiliana akamvua. Majeraha sita, mawili bado mabichi. Mtoto amelazwa, Yotham yuko mahabusu, anadai mtoto alianguka motoni.

Jana wazee wa kanisa walinijia. Wanasema nikifungua mdomo, kazi sina. Kabla ya kuwajibu nikaenda hospitali kwanza. Priska akaniuliza taratibu, "Baba alisema wewe unajua. Ndiyo maana sikumwambia mtu. Ni kweli ulikuwa unajua?"

Nikamjibu ni kweli.

Kanzu nimemrudishia mchungaji asubuhi hii. Kesi ni tarehe ishirini. Nitasema aliyoyatubu Yotham, kisha nitasema na langu.

Mdogo wako,
Nikodemo