Vumbi la Raundi ya Mwisho

Savage, Minnesota
Agosti 21, 2016

Kwa mkubwa wangu Anicet,

Bwana asifiwe sana. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo umeacha kukusumbua. Huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Emérance bado anatunza wazee kule Eagan, na mimi bado niko depo, napakia malori. Watoto wanasikia Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza. Ukipiga simu wakapokea wao, utadhani umekosea namba.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mkubwa, wewe kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza neno moja, wewe umeshamaliza matatu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Mchungaji Ndagijimana anakuja Uvira, nitampa yeye barua hii mkononi.

Habari yenyewe ni ule mchezo wa pikipiki niliokueleza ukacheka. Pikipiki hazina breki, mkubwa, sikudanganyi. Watu wanne, kila mmoja wa timu yake, wanazunguka duara la udongo mara nne, wakikata kona za kushoto tu, mguu nje umevaa chuma. Wa kwanza anapata pointi tatu, wa mwisho hapati kitu, na pointi za wenzako zote zinaingia kapu moja. Kocha wetu ni mzee Alfred, fundi wa malori hapa Savage. Alinicheka miezi mingi, akisema naendesha kama mtu aliyebeba mama mjamzito na magunia mawili ya mihogo. Nilianguka kila Jumamosi. Emérance aliwaomba wamama wa kanisa wamwombee mume wake arudiwe na akili. Nikamwambia waombe wasichoke, lakini mimi siachi.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kombe. Zilikuja timu za Uswidi, Poland na Kanada, na sisi wenyeji. Mbio yangu ya kwanza nilitoka vizuri, nikawaacha wote. Raundi ya tatu nikasikia watu wanapiga kelele, nikageuka, nikamwona Mswidi mmoja anaitwa Elof yuko chini nyuma yangu. Sikufikiri hata kidogo. Nilitoka nje ya duara, nikaitupa pikipiki kwenye majani, nikakimbia kwenda kumwinua. Ala! Kufika pale, mwenyewe ameshasimama anajipangusa, na wale wawili wengine wanaendelea na mbio zao. Nikapata sifuri.

Alfred aliniuliza kama ninaumwa. Nikamweleza kwamba kwetu Uvira, nilikokuwa nabeba abiria kwa pikipiki, motari hampiti motari mwenzake aliyeanguka, abiria atangoja hata kama anawahi harusi yake. Akasema hapa kuna madaktari wa kazi hiyo, na kazi yangu ni kukimbiza pikipiki. Alitaka kunitoa, aweke mtu mwingine. Nikamjibu kwamba basi aje aning'oe kwenye kiti kwa mikono yake. Aliniangalia, akachukua spana, akaanza kukaza mnyororo wa pikipiki yangu. Elof yeye alikuja mpaka kwenye hema letu, akanishika mkono, akasema tangu aanze mchezo huu hakuna mtu aliyewahi kumfanyia vile. Akala sambusa za Emérance akaomba nyingine.

Baada ya hapo niliendesha kwa hasira. Nilikuwa wa pili, kisha wa kwanza, halafu wa kwanza tena. Ikafika mbio ya mwisho, sisi na Waswidi tuko sawasawa, na wao wamemweka Elof, sisi mimi. Atakayemtangulia mwenzake, timu yake inachukua kombe. Alfred aliniambia kitu kimoja tu, kwamba niangalie mbele. Nikamwambia nimesikia.

Elof alinitangulia mpaka kona ya mwisho kabisa. Pale gurudumu lake la nyuma likateleza, akaanguka, vumbi likapanda. Mimi nilipita kati yake na ukuta, nikawa wa kwanza kuvuka mstari. Walinibeba juu, mkubwa. Elof amevunjika nyonga, wamempeleka hospitali Minneapolis. Alfred alimwambia kila mtu, mpaka mwandishi wa gazeti, kwamba vumbi lilikuwa zito, hakuna ambaye angeweza kuona kitu. Waswidi wenyewe wakaja kunipa pole, wakisema nisijilaumu, lilikuwa vumbi. Nami nikawa naitikia kwa kichwa.

Anicet, nilimwona. Nilimwona vizuri. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umeinuka, na kulikuwa na nafasi ya kulaza pikipiki chini na kumfikia. Nikahesabu nafasi ile nyingine, ya kupita, nikapita. Hata wale motari waliompita mwenzetu Rigobert alipoanguka siku ile barabara ya Kavimvira, wakamwacha akafa peke yake, walituambia ni vumbi. Wewe ndiye uliyesema waongo hao wasikanyage tena parkingi yetu ya motari, na mimi nilikuwa nimesimama karibu nawe, napiga makofi.

Kesho nikitoka depo napanda basi kwenda Minneapolis, nimwambie Elof kwa mdomo wangu. Alfred ananisihi ninyamaze, kwa sababu mwakani timu inaalikwa Uswidi na jina langu ni la kwanza. Ninaitamani safari hiyo, sitakuficha. Lakini nitaenda hospitali kwanza. Wakinifuta baada ya hapo, wanifute.

Barua hii wasomee motari wote pale parkingi, yote, usiruke mahali. Najua video imeshafika kwenye simu zao na wanajisifu kwamba mtu wao ameshinda Amerika. Wasikie kutoka kwangu, kisha waamue kama mimi bado ni mtu wao.

Emérance anakusalimu, watoto nao kwa Kiingereza chao. Nisalimie shemeji, majirani, na kwaya yote. Mama yake Rigobert tu, usimpe salamu zangu. Nitampigia mwenyewe nikitoka kwa Elof.

Mdogo wako,
Mugisha